Sawa Niliyoisema Nikiwa na Njaa

Manundu,
Korogwe.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka yangu Sufiani,

Shikamoo kaka. Kabla ya yote nataka kujua hali yako, na ya wifi Selma, na ya watoto. Mgongo umepoa? Adamu ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kama babu? Ile baridi ya Windhoek uliyosema inagandisha maji kwenye ndoo, mimi bado siiamini, ila nakuombea. Huku kwetu Julai nayo imejitahidi. Asubuhi tunavaa sweta, ikifika saa nne tunalivua.

Sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama mdogo Maryamu goti linamsumbua, mdomo haujambo. Mahindi ya Handeni yametoka vizuri mwaka huu na mashine yetu ya kusaga ina foleni tangu asubuhi. Sabiri anaiendesha kama zamani, na ule mkanda uliokuwa unakatika kila wiki ameshaubadilisha.

Utashangaa kuona nakuandikia barua wakati simu tunazo. Sababu ni kwamba kwenye simu siku hizi nasema "sawa" tu. Mtu akimaliza kusema, mimi sawa. Akiuliza jingine, sawa. Karatasi ni afadhali, maana nikiandika sawa peke yake nitaona aibu kulipia stempu.

Ndivyo ilivyokuwa uliponipigia ukaniambia kwamba Jabiri, yule mnunuzi wa nafaka wa sokoni, anataka tumkodishe mashine ya Mama kwa miaka kumi, na kwamba atabomoa kile kibanda cha jiko apanue stoo. Ukasema wewe umekubali, nimebaki mimi. Nikasema sawa. Barua hii ni kwa ajili ya sawa hiyo. Lakini siwezi kuifikia moja kwa moja, itabidi univumilie nianzie msibani, kwa sababu hukuwepo na hakuna aliyekueleza vizuri.

Kwanza usijilaumu. Mama alifariki alfajiri, na kesho yake adhuhuri alikuwa ameshalazwa Kwamsisi. Hata ungeota mabawa usingewahi.

Watu walinisifu kwamba nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri, kaka. Umewahi kuulalia mkono wako, ukaamka ukaukuta upo lakini si wako? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Sikulia. Waliponiuliza habari za sanda, nilisema sawa. Waliposema azikwe Kwamsisi na si Korogwe, sawa. Walipofika wakubwa kutoka Dodoma na ratiba yao iliyopigwa chapa, na spika zao, na vijana wa itifaki waliovaa suti nyeusi kwenye jua lile, nikasema sawa. Nilimsikia jirani mmoja uani akisema nina moyo mkavu. Sikukasirika. Ningependa kama ningekasirika.

Wakasoma wasifu wake. Nilikaa mkekani nikausikiliza kama habari za mtu wa redioni. Mfanyabiashara. Mwanamke wa kwanza wa vijiji vyetu kumiliki lori. Diwani vipindi viwili. Mbunge. Naibu waziri. Yote ni kweli na kila moja lilikuwa na tarehe yake. Nilikuwa nangoja wafike mahali fulani, hawakufika. Hawakukitaja chungu.

Wewe unakijua, lakini wanao hawakijui, kwa hiyo hapa wasomee kwa sauti. Bibi yenu alitoka Kwamsisi kwa baiskeli, ndoa imevunjika, baba yenu amekalishwa mbele na mimi nimefungwa mgongoni. Akaenda Hale kupikia mafundi na vibarua wa mitambo ya umeme. Alikuwa na chungu kimoja na alipika makande tu. Hapo ndipo alipokutana na Bi Lea wa Bungu, Msambaa, Mlutheri, aliyekuwa akishuka milimani na maharage yake. Mahindi ya Mama, maharage ya Bi Lea, chungu kimoja. Siku ile ile wakaanza kutaniana kuhusu kipi kinaleta utamu, mahindi au maharage, na utani huo wakaufuga mpaka uzeeni.

Mama alipopata mashine ya kusaga hapa Korogwe, chungu alikuja nacho, akakijengea kile kibanda cha jiko. Aliwaona akina mama wanaotoka mbali na debe kichwani, wanashinda foleni na njaa, na wanunuzi wa nafaka wanawafuata pale pale na mizani zao. Mtu ana njaa, mtoto analia mgongoni, akitajiwa bei yoyote anakubali. Mama akaweka sheria kwenye kiwanja chake: hakuna kupatana bei na mtu ambaye hajala. "Umekula?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa kila aliyefika. "Kale kwanza, ndiyo uje useme."

Sheria hiyo alikwenda nayo kila mahali. Siku yake ya kwanza ya udiwani aliwakuta wanaume wanagombania kisima tangu asubuhi, na wengine wanamnong'ona kwamba mwanamke ataweza wapi vikao. Akaagiza makande kutoka kwenye mashine. Walipomaliza kula, sauti zilikuwa zimeshuka na kisima kikapata pa kuchimbwa. Hata unaibu waziri haukumbadilisha. Unakumbuka ile habari ya wakulima waliosafirishwa usiku kucha kuja Dodoma kusaini makubaliano na kampuni fulani, mbele yake, na waandishi wa habari wameshajipanga? Akawauliza wamekula. Hawakuwa wamekula. Akafunga kalamu yake akawapeleka kantini, wenye kampuni wakabaki kwenye korido na tai zao. Wakulima walirudi wameshiba wakakataa kusaini. Wapo wanaosema ndiyo maana hakuwahi kuwa waziri kamili. Nilimuuliza siku moja, akasema hata yeye anadhani ndivyo, kisha akaniuliza kama nimenunua vitunguu.

Basi, wasifu ulipokwisha, jeneza likataka kutoka. Hapo Bi Lea akajitokeza. Alikuwa ameingia chumbani kwa Mama bila kumwomba mtu ruhusa, kama ilivyo haki ya mtani, akavaa gauni la Mama lile la kijani, miwani ya Mama puani, mkoba wa Mama kwapani. Akaja akajilaza mlangoni.

"Hatoki mtu hapa!" akasema. "Mzigua mvivu huyu! Kajilaza makusudi ili chungu nikoroge peke yangu. Amka, usituchezee!"

Wazee wa kwetu walishaanza kutabasamu. Unajua watani wanavyofanya msibani, humwigiza marehemu, humzuia njia, mpaka wabembelezwe ndipo wapishe. Lakini wale vijana wa itifaki waliona bibi kizee wa Kisambaa kalala mlangoni na nguo za marehemu, kwenye msiba wa Kiislamu, gari linanguruma na ratiba imechelewa. Wakadhani amechanganyikiwa. Mama mdogo alipiga kelele, "Mtani huyo! Mwacheni!" ila spika ilimzidi nguvu. Kijana mmoja, hata hivyo, alisita. Akaja kuniinamia akauliza, "Dada, tumtoe?"

Nikasema sawa.

Wakamwinua kwa mabega. Hakushindana nao. Alivua miwani ya Mama, akaikunja, akaiweka mkekani mbele yangu, akaenda zake stendi na gauni lile lile mwilini. Mama akazikwa kwa heshima zote, kimya, kila mtu na adabu zake.

Tangu hapo chakula kikawa hakina ladha. Sikugoma kula. Niliweka tonge mdomoni, nikawa kama natafuna pamba, nikaacha. Watu wakiniuliza nasema nimeshakula. Chungu cha kwenye mashine nacho kilizimwa siku ya msiba, na hakuna aliyekiwasha tena. Sabiri aliniuliza akifungie stoo kisije kikapasuka, nikasema sawa. Haikupita wiki nikamwona Jabiri amesimama kwenye foleni yetu na mizani, anaongea na akina mama taratibu, mmoja mmoja. Nilimwona, nikaingia ndani.

Mama mdogo ndiye aliyenitoa nyumbani. Alisema arobaini haiwezi kusomwa wakati mtani wa marehemu amefukuzwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetoa ruhusa, mimi ndiye nitakayepanda Bungu na jogoo kuomba radhi. Nikapanda. Huko juu kulikuwa na ukungu na njia inateleza, jogoo ananinyea miguuni, na mimi natazama migomba inapita. Nilimkuta Bi Lea barazani kwake anapukuchua maharage. Hakuinua macho.

"Serikali imefika," akasema. "Mmekuja na pingu au mmezisahau?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo jogoo mbona amekonda hivyo, mnamlisha hotuba?"

Nilijua hapo ni mahali pa kucheka. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Aliendelea na maharage yake, halafu akasema, na safari hii hakuwa akitania: "Mimi na mama yako tulipeana ahadi pale Hale, tukiwa wasichana. Atakayetangulia, mwenzie amcheke mpaka atoke mlangoni. Mmenizuia kumcheka. Sasa nakaa hapa namlilia kila siku, na mimi kulia sikuzoea."

"Sawa, mama," nikasema.

Aliacha maharage akaniangalia. "Umesema nini?"

"Sawa."

 Alimchukua jogoo akamfunga mguu kwenye nguzo ya baraza, nikajua atakuja.

Arobaini tuliisoma hapa nyumbani Jumapili iliyopita. Hitma ilikwenda vizuri, ubani ulifukizwa, pilau iliwatosha watu wote na majirani wakafunga ya kwenda nayo. Jabiri alikuwepo, kanzu imenyooshwa, amemwombea Mama dua kwa sauti nzuri. Si mtu mbaya, kaka, ni mfanyabiashara. Watu walipokuwa wanakula alikuja kukaa karibu yangu uani na mkataba wa kukodi mashine. Akasema wewe umeshatoa neno lako, asingependa kunisumbua siku nyingine, nitie saini yangu yaishe. Akanipa kalamu. Nikaipokea.

Ndipo Bi Lea akatoka jikoni. Gauni la kijani, mkoba kwapani, na miwani ya Mama, ambayo Mama mdogo alikuwa ameshamrudishia. Ungemwona, kaka! Ule mwendo wa Mama wa kutangulia kichwa kabla ya miguu. Ule mtindo wake wa kufunua sufuria ya watu na kunusa. Alinusa pilau akauliza nani kaipika, mpishi au karani. Yule kijana wa suti aliyesita siku ile alikuwa amekuja, safari hii na shati tu. Bi Lea akamsimamia mbele: "Umekula?" Kijana akaruka akasimama wima, "Nimekula, mheshimiwa!" Uani kote kicheko. Hata sheikh aliziba mdomo kwa kanzu.

Akapita mtu kwa mtu, umekula, umekula, na kila mtu anajibu kama anavyomjibu Mama. Akanifikia mimi. Akaitazama kalamu.

"Wewe. Weka hiyo chini. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

 Nilijaribu kukumbuka ya jana, nikajaribu ya juzi. Sijui hata nilikuwa namjibu Bi Lea au namjibu nani.

"Sijala, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokufa."

 Bi Lea midomo ilimcheza, lakini mtani akishavaa nguo za marehemu hazivui katikati ya mchezo. Akairekebisha miwani puani. "Kale kwanza," akasema, kwa sauti ile ile ya Mama, "ndiyo uje useme."

Akaniletea makande. Alikuwa ameyapika pembeni alfajiri, kwenye chungu chenyewe, Sabiri alikitoa stoo bila kuniuliza. Mahindi ya Kwamsisi na maharage ya Bungu. Nikakaa chini na sahani mapajani, watu wote wananitazama, Jabiri na mkataba wake magotini. Nikaweka kijiko mdomoni nikatafuna, nikashtuka.

"Hayana chumvi," nikasema.

"Mzigua huyu!" Bi Lea akapaza sauti. "Maharage ya Bungu hayadai chumvi. Mahindi yenu ndiyo yamepooza!"

Kaka, nilicheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka, nikalia, kijiko mkononi, na mdomo umejaa makande. Nilimlilia Mama kwa mara ya kwanza. Iliniuma, kaka, mwili mzima, kama mkono ule unapoanza kuamka. Bi Lea alikaa mkekani kando yangu akiwa na miwani ile, akanishika shingo, akaniacha nilie. Hakuninyamazisha mtu. Nilipomaliza kulia niliongezewa chumvi nikala sahani yote, na nyingine.

Nilipoweka sahani chini nilimrudishia Jabiri kalamu yake. Nikamwambia hapana. Aliuliza sababu. Nikamwambia kwamba sawa niliyoisema mwanzo niliisema nikiwa na njaa, na kwenye kiwanja kile haihesabiki.

Najua utasema nimekuaibisha, maana wewe ulishatoa neno. Najua pia kwamba mashine imezeeka na kwamba mimi sijawahi kusimamia hata kioski. Naogopa, sikufichi. Lakini Jabiri alikuwa akitaka kile kibanda zaidi ya mashine yenyewe, na nadhani hata wewe ukitulia utaona kwa nini. Chungu kinawaka tangu Jumatatu. Nimekisimamia mwenyewe, na mwiko umenitoa malengelenge. Akina mama wanakula, na mizani ya Jabiri imehamia ng'ambo ya barabara.

Nakala yako ya mkataba nasikia ameshakutumia huko. Bado inangoja saini yako, na ukiisaini sijui nitaendeleaje kusema hapana peke yangu. Sikuombi unijibu leo. Nakuomba kwanza umwambie wifi Selma atafute mahindi na maharage, hata kama ni ya kopo, ayachemshe yaive sana. Mkae wote mezani. Kale kwanza, kaka, ndiyo uje useme.

Mama mdogo anakusalimu na anauliza lini utaleta wajukuu zake. Sabiri anakusalimu. Bi Lea bado yuko hapa, hataki kurudi Bungu mpaka jogoo wangu anenepe, na anasema wewe ulikimbilia jangwani kukwepa zamu ya kukoroga. Nibusie Adamu na dada yake. Mungu awape afya, riziki isiyo na masimango, na meza isiyokosa mtu.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda, na nimeshiba,

Faudhia